Kuunga vipande vya video kuwa faili moja bila kurenda usiku kucha: mwongozo kamili

Baba mdogo alishika maiki, akamtazama binti yake, akasema: "Leo, mbele ya wazee hawa, ninamka—" Hapo video ikaisha. Faili lililofuata likaanza na "—bidhi kwenu." Shangazi aliyekuwa anatazama nami akataka kujua ni nani aliyemkata kaka yake kauli. Hakuna aliyemkata. Kamera ilikuwa imefika gigabaiti 4, ikafunga faili moja na kufungua jingine bila kujali nani anazungumza.

Ile sendofu ya binti huyo ilituachia mafaili manne ya kamera, video moja ya saluni iliyopigwa kwa simu iliyosimamishwa wima, na nyingine ya simu ya muziki wa mwisho. Fundi mmoja wa video mjini alituambia kazi ya kuziunga ni siku tatu "kwa sababu lazima irendwe", yaani ifunguliwe na kubanwa upya. Sehemu ya kamera, yaani zaidi ya saa mbili za picha, niliiunga nyumbani kwa dakika sita na haikurendwa kabisa. Kurenda kulihitajika pale tu nilipozitia klipu za simu kwenye faili hilohilo. Ukishajua kutofautisha kazi hizi mbili, umeshaokoa muda mwingi na umeme mwingi.

Kwa nini faili moja huungika na jingine hukataa

MP4, MKV, MOV na MTS ni makasha tu. Ndani ya kasha mna mkondo wa picha uliobanwa kwa kodeki (njia ya kubana) fulani, mara nyingi H.264 au H.265, na mkondo wa sauti uliobanwa kwa kodeki nyingine kama AAC au AC-3. Herufi za mwisho wa jina la faili hukueleza aina ya kasha tu. MP4 mbili zinaweza kutofautiana kabisa ndani.

Fundi bomba ataelewa haraka: bomba la nusu inchi huungwa na la nusu inchi, basi. Vipande vya video vikilingana kodeki, upana na urefu wa picha, idadi ya fremu (picha moja moja) kwa sekunde na vipimo vya sauti, programu huvinakili tu, kimoja nyuma ya kingine. Hakuna kinachobanwa upya, ubora haupungui hata chembe, na kinachokuchelewesha ni mwendo wa diski yako. Visipolingana, lazima vyote vifunguliwe na kubanwa upya kwa kipimo kimoja. Huko ndiko kurenda, na huko ndiko saa zinakokwenda.

Kamera moja, siku moja, mpangilio mmoja: karibu kila mara vipande hulingana. Simu mbili tofauti: karibu kila mara havilingani.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili kila kitu kutoka kwenye memori kadi hadi kwenye kompyuta. Usiunge vikiwa bado kwenye kadi, na usifute kadi mpaka nitakapokwambia huko chini. Hakikisha diski ina nafasi ya kutosha: vipande vyenye gigabaiti 16 vinahitaji nyingine 16 za faili jipya, na zaidi kama utarenda.

Klipu za ndugu zikija kwa WhatsApp kama video za kawaida, zimeshabanwa njiani na hazirudi tena kuwa nzuri. Mwambie mtumaji azitume upya kama dokumenti. Kwa njia hiyo faili hufika kama lilivyo, mradi lisizidi gigabaiti 2.

Kisha badili majina. Yape majina mafupi yanayoanza na namba zenye tarakimu mbili: 01, 02, 03 hadi 10. Ukiandika 1, 2, 3 hadi 10, kuna programu zitakazoipanga 10 mara baada ya 1, na bi harusi atakata keki kabla hajaingia ukumbini. Epuka nafasi kati ya maneno. Epuka pia kile kialama cha juu tunachoandika kwenye ng', kwani faili linaloitwa Ng'ambo.mp4 litakusumbua kwenye orodha ninayoieleza hapa chini, ambako alama hiyohiyo ndiyo inayofungua na kufunga jina.

Majina ya kamera yenyewe nayo huchanganya. GoPro, kwa mfano, ikikata rekodi moja vipande viwili huviita GH010034.MP4 na GH020034.MP4: tarakimu mbili za kwanza ni namba ya kipande, nne za mwisho ni namba ya rekodi. Ukizipanga kwa alfabeti unachanganya rekodi tofauti. Panga kwa zile nne za mwisho kwanza.

Programu ya kutumia

Nitatumia FFmpeg. Ni ya bure, ilianzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, na programu nyingi za video zenye vitufe vizuri zinaitumia kwa ndani. Haina dirisha lenye vitufe, unaandika amri. Wengi hapo huogopa na kufunga ukurasa. Subiri kidogo, amri zenyewe ni chache na unaweza kuzinakili kama zilivyo.

Kwenye Windows 10 au 11, fungua dirisha la amri uandike:

winget install Gyan.FFmpeg

Kisha lifunge dirisha hilo na kufungua jipya, la sivyo kompyuta itakwambia haijui ffmpeg ni nini. Kwenye Ubuntu ni `sudo apt install ffmpeg`. Kwenye Mac, ukiwa na Homebrew (programu ya kusakinishia programu nyingine), ni `brew install ffmpeg`.

Asiyetaka amri kabisa achukue LosslessCut. Ni bure kwenye ukurasa wake wa GitHub, lakini kwenye maduka ya Microsoft na Apple inauzwa, kwa hiyo angalia unabofya wapi. Unaburuta mafaili yote ndani yake, unachagua kuunganisha kwenye menyu ya "Tools", unayapanga, unahifadhi. Nayo hunakili bila kurenda, na vipande visipolingana hukuonya. Avidemux pia inafaa: fungua kipande cha kwanza, ongeza vingine kwa "Append" iliyo kwenye menyu ya "File", acha picha na sauti zote kwenye "Copy", chagua "MP4 Muxer", hifadhi. Mwenye Mac afungue klipu kwa QuickTime Player na kutumia "Add Clip to End" kwenye menyu ya "Edit".

Tahadhari moja. Bado kuna watu wanaotafuta Windows Movie Maker. Microsoft iliacha kuitoa Januari 2017, na mwaka huohuo kampuni ya usalama ya ESET ilitahadharisha kuhusu Movie Maker bandia iliyokuwa ikiwadai watu pesa ili wahifadhi kazi yao. Ukiikuta leo kwenye tovuti usiyoijua, iache.

Hatua ya 1: Pima vipande

Fungua folda yenye video, bofya kwenye upau wa juu unaoonyesha njia ya folda, futa kilichomo, andika `cmd`, bonyeza Enter. Dirisha jeusi litafunguka likiwa tayari ndani ya folda ile. Ni muhimu liwe hilo la cmd, sababu nitaieleza baadaye. Andika:

ffprobe -v error -show_entries stream=codec_name,width,height,pix_fmt,r_frame_rate,sample_rate,channels -of compact 01.mp4

Utapata mistari miwili, wa picha na wa sauti. Rudia kwa kila kipande ukiandika majibu kwenye karatasi. Unalinganisha haya: kodeki, upana na urefu, aina ya pikseli, fremu kwa sekunde, hezi za sauti, na njia za sauti. Kama kuandika amri kunakukera, fungua kipande kwa VLC na ubonyeze Ctrl na J. Taarifa hizohizo zitatokea, ingawa si zote.

Watu wengi hupuuza sauti wakidhani picha ndiyo yenye mambo. Kumbe kipande chenye sauti ya hezi 44100 kikiungwa kwa kunakili nyuma ya chenye 48000, baada ya maungio sauti inaweza kwenda mbio na watu wazima wakazungumza kama vifaranga, au midomo ikaachana na maneno. Ukikuta tofauti hapo, nenda moja kwa moja hatua ya 4, hata kama picha zinalingana.

Hatua ya 2: Vipande vya MP4 vinavyolingana

Fungua Notepad uandike orodha, kila kipande mstari wake:

file '01.mp4'
file '02.mp4'
file '03.mp4'

Ihifadhi kwa jina orodha.txt ndani ya folda ileile. Kisha kwenye dirisha la amri:

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy kamili.mp4

Basi. Sehemu inayofanya kazi kubwa ni `-c copy`: inaiambia programu inakili mikondo bila kuifungua. Ukiisahau, FFmpeg itaanza kurenda kimyakimya, na utajua pale feni ya laptopu itakapoanza kulia.

Ukiwa na vipande hamsini, usiandike kwa mkono. Ndani ya cmd:

(for %i in (*.mp4) do @echo file '%i') > orodha.txt

Nilisema ni lazima iwe cmd. Windows 11 hupenda kukufungulia PowerShell, dirisha la amri la aina nyingine, na humo amri hii haifanyi kazi. Tena ukitengeneza orodha yako ndani ya PowerShell ya zamani inayokuja na Windows, faili la maandishi litaandikwa kwa mfumo wa herufi ambao FFmpeg haiusomi. Utalifungua kwa Notepad, utaona kila kitu kiko sawa, na bado litakataliwa. Nilipoteza jioni nzima hapo.

Ifungue orodha.txt uisome kwa macho kabla ya kuunga. Mpangilio ukikosewa hapa, hakuna programu itakayokukumbusha.

Hatua ya 3: Vipande vya MTS, na lile neno lililokatika

Kamera nyingi za mkono za AVCHD, yaani zinazorekodi MTS, huficha video ndani ya folda PRIVATE, kisha AVCHD, BDMV, halafu STREAM. Huko utakuta 00000.MTS, 00001.MTS na kuendelea. Sababu ya kukatwa ni mfumo ambao kadi hutumia kupanga mafaili. Kadi za hadi gigabaiti 32 kwa kawaida hutumia FAT32, na FAT32 haikubali faili moja kuzidi baiti 4,294,967,295. Kwa rekodi ya megabiti 17 kwa sekunde, hiyo ni dakika 33 na ushee. Kwa megabiti 24, hazifiki dakika 24. Hotuba za wazee wetu hazijui mipaka hiyo.

Na hapa nilikosea mara ya kwanza. Nilitumia orodha kama ya hatua ya 2. Ikaungana vizuri, lakini kwenye lile "ninamka—bidhi" kukawa na mtetemo mdogo, silabi ikamezwa. Kamera inapokata MTS haitafuti mahali pazuri pa kukata. Hukata mkondo popote ulipofika, hata katikati ya fremu. FFmpeg ikifungua kila kipande peke yake, hukuta mkia usiokamilika na kichwa kisichokamilika, na huvitupa vyote viwili.

Dawa ni kuziunga baiti kwa baiti kabla FFmpeg haijazigusa. Windows imekuwa na amri hiyo tangu enzi za DOS:

copy /b 00000.MTS+00001.MTS+00002.MTS+00003.MTS ukumbini.mts

Kwenye Linux na Mac:

cat 00000.MTS 00001.MTS 00002.MTS 00003.MTS > ukumbini.mts

Ile `/b` isiachwe. Kisha geuza kasha liwe MP4, picha ikinakiliwa na sauti pekee ikibadilishwa, kwa kuwa kamera hizi hutumia AC-3 ambayo simu na baadhi ya televisheni hazipendi:

ffmpeg -i ukumbini.mts -c:v copy -c:a aac -b:a 192k ukumbini.mp4

Neno likarudi zima.

Njia hii ni ya vipande vya rekodi moja iliyokatwa na kamera yenyewe. Kama mpigaji alibonyeza kitufe akasimamisha, akaenda kula, akarudi akaanzisha tena, hizo ni rekodi mbili. Ziunge kwa orodha. Tena usijaribu `copy /b` kwenye MP4. MTS ni mkondo unaoweza kusomwa kuanzia popote, lakini MP4 hubeba ndani faharasa yake, yaani orodha ya yaliyomo, na faharasa ya kipande cha kwanza haijui habari za kipande cha pili. Utapata faili lenye uzito wa vyote viwili linalocheza cha kwanza tu na kunyamaza.

Hatua ya 4: Vipande visivyolingana

Hapa hakuna njia ya mkato, ila ipo njia yenye akili. Wengi hujaribu kukirekebisha kile kipande kimoja kigeni kifanane na vya kamera, kisha wanaviunga kwa kunakili. Sishauri. Hata ukilinganisha kila kipimo, kodeki ya kamera na ya kompyuta yako hazijipangi sawa kwa ndani. Faili litacheza kwenye VLC, kisha kwenye televisheni ya mtu picha igeuke kijivu mara baada ya maungio. Pitisha vyote, pamoja na vya kamera, kwenye kipimo kimoja, mara moja tu.

Chagua kipimo kwa kufuata video iliyo ndefu. Kwetu ilikuwa kamera: 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde. Tengeneza folda ya kupokea:

mkdir sawa

Kisha, kwa kila kipande, cha simu na cha kamera:

ffmpeg -i 01.mp4 -vf "scale=1920:1080:force_original_aspect_ratio=decrease,pad=1920:1080:(ow-iw)/2:(oh-ih)/2,setsar=1,fps=25,format=yuv420p" -c:v libx264 -crf 20 -preset medium -c:a aac -ar 48000 -ac 2 -b:a 160k sawa/01.mkv

Ni ndefu, lakini isomeke. `scale` inaipunguza au kuikuza picha mpaka iingie kwenye kipimo bila kuvutwa. `pad` inajaza weusi pembeni, ndiyo maana video ya simu ya wima itakaa katikati na pazia jeusi kila upande. `fps=25` inanyoosha fremu, na simu zinalihitaji hili kwa sababu hupiga fremu zisizo na mwendo mmoja. `crf 20` ni ubora: namba ikishuka picha huwa safi na faili kubwa, 18 ni anasa, 23 inatosha kwa kutazama kwenye simu. `-ar` na `-ac` zinasawazisha sauti.

Kwa kamera ya AVCHD iliyopiga 1080i, yaani picha za mistari inayopokezana, ongeza `yadif,` mara tu baada ya alama ya kufungua nukuu, kabla ya neno scale. Bila hivyo mikono inayopunga itakuwa na meno kama kitana.

Klipu isiyo na sauti kabisa ipewe ukimya kwanza, la sivyo sauti ya vipande vinavyofuata itahama mahali pake:

ffmpeg -f lavfi -i anullsrc=r=48000:cl=stereo -i 03.mp4 -c:v copy -c:a aac -shortest 03s.mp4

Umeona matokeo nayaweka kwenye MKV badala ya MP4. Ni kwa ajili ya umeme. MP4 huandika faharasa yake mwishoni kabisa. Umeme ukikatika asilimia 95 ya kazi, umebaki na gigabaiti kadhaa zisizofunguka. MKV iliyokatika huchezeka mpaka pale ilipofikia. Na kwa kuwa kila kipande kinarendwa peke yake, ukikatika unarudia kipande kimoja tu. Kama kompyuta yako ni ya mezani na haina UPS (betri ya akiba), pangilia hivi hata kama mtaa wako umeme hausumbui.

Vyote vikishapita, andika orodha mpya yenye `file 'sawa/01.mkv'` na wenzake, kisha:

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy -movflags +faststart kamili.mp4

`faststart` huihamisha faharasa mwanzoni, ili video ikipandishwa mtandaoni ianze kucheza kabla haijapakuliwa yote.

Ukitaka pia maandishi, muziki wa chini au picha kufifia kati ya vipande, hapo umetoka kwenye kuunga na kuingia kwenye uhariri. Tumia Shotcut au Kdenlive, zote ni za bure. Weka mradi kwenye 1080p ya fremu 25 kabla ya kuburuta klipu ya kwanza, maana Shotcut ikiachwa ijiamulie hufuata kipimo cha klipu ya kwanza, na kama ile ya kwanza ni ya saluni iliyopigwa wima, sendofu nzima itakuwa wima.

Ikigoma

"Unsafe file name": umesahau `-safe 0`.

"No such file or directory" na wewe unaliona faili hapo: Windows inakuficha herufi za mwisho, na orodha yako huenda inaitwa orodha.txt.txt. Washa kuonyesha viendelezi vya majina kwenye menyu ya "View".

"Unknown keyword" ikifuatiwa na vialama vya ajabu kabla ya neno file: Notepad ya zamani imeweka alama isiyoonekana mwanzoni mwa maandishi. Hifadhi upya ukichagua ANSI. Notepad ya Windows 10 tangu toleo la 1903 haina tatizo hili kwa kawaida.

"Moov atom not found": hicho kipande chenyewe kimekufa, kamera au simu ilizimika kabla ya kuandika faharasa. Kuunga hakutakiponya. Kiweke kando, endelea na vingine.

Maonyo ya "Non-monotonic DTS" mawili matatu kwenye maungio hayana neno. Yakimiminika skrini nzima bila kukoma, vipande havilingani. Rudi hatua ya 1, ulichokiona kimefanana hakijafanana.

Kagua kabla ya kufuta

Jumlisha muda wa vipande ulinganishe na wa faili jipya. Tofauti ya sekunde moja ni sawa, ya dakika si sawa. Kisha usitazame video yote. Nenda kwenye kila maungio, rudi nyuma sekunde kumi, tazama mpaka sekunde kumi mbele. Tazama midomo. Halafu ruka hadi dakika tano za mwisho, kwa sababu sauti inayoachana na picha taratibu huonekana zaidi huko. Jaribu kwa VLC na pia kwa kifaa kitakachotumika kweli, kwa maana VLC ina huruma na mafaili mabovu, na televisheni haina.

Sasa unaweza kufuta kadi. Mimi hubaki na vipande asili kwenye diski ya nje kwa mwaka mmoja hivi, kwa sababu ndugu hukumbuka miezi sita baadaye kwamba walitaka ile sehemu ya bibi tu.

Flashi ya shangazi

Faili letu la mwisho lilikuwa na gigabaiti saba na kidogo. Shangazi akaleta flashi ya gigabaiti 16, tupu kabisa, na kompyuta ikakataa kunakili ikisema faili ni kubwa mno. Flashi ilikuwa FAT32. Mpaka uleule wa gigabaiti 4 uliomkata baba mdogo kauli ulikuwa unatusubiri mlangoni.

Dawa ya kawaida ni kuifomati flashi iwe exFAT, mfumo usio na mpaka huo, na ukifomati kila kilichomo hufutika. Lakini televisheni ya shangazi ni ya zamani, nilijaribu, na exFAT haikuiona kabisa. Ilibaki kupunguza ubora au kukata. Nilikata:

ffmpeg -i kamili.mp4 -t 01:12:00 -c copy sehemu1.mp4

ffmpeg -ss 01:12:00 -i kamili.mp4 -c copy sehemu2.mp4

Kwa kunakili, sehemu ya pili huanzia kwenye fremu kamili iliyo karibu, pengine sekunde kadhaa kabla ya pale ulipotaja, kwa hiyo chagua mahali pasipo na maneno. Nilichagua pale MC anapotangaza chakula na watu wanainuka kupanga foleni. Hotuba yote iko sehemu ya kwanza.